Mtoto Anaimba, Hasomi: Nani Anamsikiliza?

Pita nje ya shule ya msingi yoyote hapa Tanga saa tatu asubuhi, Makorora, Mabawa, Duga, popote pale, utasikia ba be bi bo bu inasikika mpaka barabarani, watoto karibu mia wanaitikia kwa pamoja, mwalimu anagonga fimbo ubaoni, na mzazi anayepita na kikapu chake anafurahi kabisa kwamba alhamdulillahi watoto wanasoma. Mimi nasema hapana, wanaimba. Na sisemi kwa dharau, kuimba kuna kazi yake na watoto wanapenda, ila kuimba silabi na kusoma silabi ni mambo mawili, na kama unabisha jaribu mwenyewe leo jioni. Chukua mkaa, andika chini su, me, bo, ka, ti, zikiwa zimechanganywa hivyo hivyo, halafu mwite mtoto mmoja peke yake, sio watatu.

Wengi watakwama kwenye su ya kwanza tu. Yule aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote darasani utamwona midomo inacheza, sa, se, si, so, mpaka aifikie su, yaani inabidi arudi kwenye wimbo aitafute. Na kwenye kitabu ni yaleyale. Ukurasa una picha ya jogoo juu ya ukuta, mtoto anakusomea haraka haraka "kuku yuko juu ya ukuta" wakati kilichoandikwa ni jogoo amepanda ukutani, macho yake hata hayajagusa maandishi, picha imeshamwambia na jana wamesoma wote kwa pamoja. Funika picha kwa kiganja, weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari, muulize hili linasemaje. Hapo ndo utajua una msomaji nyumbani au una mkariri.

Sasa mwalimu asirushiwe mawe. Tangu 2016 elimu msingi ilipoanza kutolewa bila ada watoto waliingia shule kwa wingi, jambo la kheri kabisa, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ileile na kila mtu anajua. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto tisini, na mwalimu akiamua leo kila mmoja amsomee, kila mtoto anapata sekunde 20, na hapo hujatoa muda wa kuita majina, wa kutafuta penseli iliyoibiwa, na wa kuwaamua wale wawili wanaopigana nyuma kule. Kwa hiyo kwaya ndo njia yake ya kuokoka, ukimweka mtu yeyote pale mbele, hata wewe unayesoma hapa, utaimbisha tu.

Hoja yangu ni moja na nitaishikilia mpaka mwisho: mtoto wa la kwanza mpaka la tatu anahitaji mtu wa kumsikiliza akisoma peke yake kila siku, na wa kumsikiliza akiongea. Tableti, mtaala, vibandiko vya rangi ukutani, vyote vizuri, ila bila huyo msikilizaji ni mapambo.

Na cha kushangaza sisi watu wa pwani jambo hili tunalijua toka enzi za mababu. Mtoto yuleyule aliyetoka shule mchana, jioni anaenda chuoni, yaani madrasa. Ustadhi naye ana watoto hamsini sitini kwenye mkeka mmoja, hana posho ya maana, lakini kila mtoto ana juzuu yake na yuko kwenye ukurasa wake, anadurusi mwenyewe kwa sauti, zamu yake ikifika anaenda kukaa mbele ya ustadhi anasoma mistari yake, akikosea anarudishwa palepale, akipatia anaongezewa. Wakubwa waliovuka wanasomesha wadogo. Kwa nje unasikia kelele tu, kumbe kila mmoja anasoma cha kwake, na hakuna anayesogezwa mbele eti kwa sababu mwaka umeisha. Najua kule mtoto anasoma Kiarabu ambacho maana yake bado hajafundishwa, hilo lina utaratibu wake na mimi sio wa kuliingilia. Naongelea mbinu. Mbinu ipo barazani kwetu, na asubuhi tunaiacha nje ya geti la shule.

Wahindi wameichukua mbinu inayofanana na hiyo wakaifanya mradi mkubwa. Shirika la Pratham lililoanza Mumbai mwaka 1995 liligundua kwamba ukiwapanga watoto kwa uwezo badala ya kuwapanga kwa darasa, kwa saa moja tu kwa siku, wa herufi na wa herufi, wa maneno na wa maneno, wanasogea haraka kuliko kuwafundisha wote ukurasa mmoja. Ndo hao hao walioanzisha kipimo cha kusoma cha nyumba kwa nyumba mwaka 2005, na hapa kwetu watu wa Uwezo, mradi wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walikifuata, kuanzia 2010 wakawa wanapita majumbani wanawapima watoto wa miaka 7 mpaka 16 kwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Matokeo tunayakumbuka, yalizua mjadala kweli kweli, kwamba wapo watoto wa madarasa ya juu kabisa ambao hadithi ya la pili inawashinda. Tulilalamika wiki mbili tatu redioni, tukalaumu simu, tukalaumu walimu, tukalaumu mabinti wa kazi, yakaisha.

Lakini kile kipimo chenyewe ni ngazi nzuri ambayo mzazi yeyote anaweza kuitumia bila kuomba kibali kwa mtu. Kwanza silabi chache zilizochanganywa. Akiziweza, maneno mafupi ya kawaida kama meza, kofia, samaki. Akiyaweza, mistari miwili mitatu. Akiiweza, hadithi fupi halafu umuulize maswali mawili. Pale anapokwama ndo darasa lake halisi, hata kama sweta lake linasema yuko la tano. Na uanzie hapo hapo bila kumtukana, maana mtoto wa la tano anayeitwa mjinga mbele ya mdogo wake hatokuja tena kukusomea, atakwambia anaumwa kichwa.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye Kiswahili chenyewe kwa sababu kuna kitu wengi hatukizingatii. Tunapenda kusema Kiswahili rahisi, kinasomwa kama kinavyoandikwa, na ni kweli, irabu tano tu na kila herufi ina sauti yake, mtoto wa Kiingereza anateseka zaidi kwenye herufi. Ila tunasahau kwamba maneno yetu ni marefu. Chukua neno "hawakutusubiri". Ni neno moja, lina silabi saba, na ndani yake kuna nani, kuna kukanusha, kuna wakati uliopita, kuna kutendewa sisi, halafu ndo kitendo chenyewe. Kiingereza kingetumia maneno sita hapo. Sasa mtoto anayesoma kwa kugonga silabi moja moja, ha... wa... ku... tu..., akifika ri ameshasahau kama ilianza ha au wa, na hiyo ha ndo iliyobeba maana yote, bila ha stori inageuka. Ndo maana unakuta mtoto kasoma mstari mzima vizuri, silabi zote sawa, ukimuuliza walisubiriwa au hawakusubiriwa anakutumbulia macho. Tatizo lake ni spidi, silabi zinafika kichwani zimechelewa kama wageni wa harusi, mmoja mmoja, na shughuli haiwezi kuanza.

Kwa hiyo spidi ina maana yake. Hapa kwetu imewahi kuwekwa shabaha ya maneno 50 kwa dakika kwa mtoto wa darasa la pili, na mimi sina ugomvi na kuwa na shabaha, ila kwa lugha yenye maneno marefu kama yetu ukihesabu maneno tu unaweza kumwonea mtoto. Kinachofaa nyumbani ni kumrudisha asome kipande kilekile kifupi leo, kesho na keshokutwa, mpaka kitoke kama anaongea. Wazazi wengi hapo wanakasirika, "hicho si umeshasoma jana?" Ndiyo, amesoma, na ndo sababu ya kukisoma tena. Mradi usimwache akikariri, ruka mstari mmoja, mwanzishe katikati, mwambie aanze na sentensi ya mwisho.

Halafu yapo yale maneno yenye mitego. Ng'ombe na ngoma, ng'oa na ngoja, mtoto aliyefundishwa kwa kwaya anayapita yote kwa sauti moja. Mbwa anasomwa m-bu-a. Kwenye neno mtoto hiyo m inasimama peke yake, kwenye neno mbuzi imeshikana na b, na hakuna wimbo unaomfundisha hilo, inabidi mtu amsikie amkosoe palepale amwambie rudia. Ila tusichanganye kosa la kusoma na mdomo wa nyumbani. Mtoto anayeona dhahabu akasema zahabu hajashindwa kusoma, ameisoma vizuri tu na ametamka kama wanavyotamka kwao. Ukimkatisha kila dh na kila th, kuna siku atafunga mdomo na hutomfungua tena, na hapo ndo umeua kitu cha pili ambacho nataka kukisemea, kuongea.

Kuongea kumesahaulika kabisa. Kusoma, kuandika, kuhesabu, hizo K tatu tunaziimba toka mtaala wa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015, na kuhusu mtoto kuongea darasani tunachojua zaidi ni "kaa kimya" na "kelele nani huyo?" Sifa kubwa ya mtoto mwenye adabu ni kunyamaza. Mtoto huyohuyo mkute jioni kwenye rede ama kibandani anabishana Simba na Yanga, ana hoja, ana utani, ana mafumbo, ana matusi pia (samahani), Kiswahili kinamwagika. Asubuhi mwalimu akimuuliza swali anajibu neno moja, tena anamalizia tu silabi ambayo mwalimu ameiacha, "jua linachomoza masha...?" "riki!" Hii staili ya kumalizia neno mimi naona ndo sumu kuu, maana mwalimu anasikia sauti kubwa anajua wameelewa, kumbe hakuna aliyetunga hata sentensi moja ya kwake toka saa mbili.

Na bibi zetu walikuwa na dawa. Kitendawili, tega! Pale mtoto lazima asikilize, afikirie, ajibu kwa ujasiri mbele za watu, akikosea atoe mji, na zamu yake akitega lazima atunge maneno yakae sawa. Paukwa, pakawa, halafu hadithi, na kesho yake mtoto anaenda kuwahadithia wenzie kwa mpangilio wake, anasahau hapa anaongeza pale. Hiyo kuhadithia upya ndo kipimo cha ufahamu ambacho wataalamu leo wanakifanyia semina za hotelini. Muulize mtoto aliyesoma ukurasa: ilikuwaje? Sio swali la jina la sungura alikuwa nani, hapana, muulize kwa nini yule fisi alirudi, wewe ungefanyaje, halafu nyamaza umsubiri. Kunyamaza ndo kazi ngumu, sisi wazazi tunajibu wenyewe.

Kwa walio nje ya mji hili ni kubwa zaidi. Hapa mjini mtoto anaingia shule na Kiswahili chake mdomoni, ila mkoa ni mpana, ukipanda ndani ndani huko Lushoto na Bumbuli wapo wanaoanza na Kisambaa, Mkinga kuna Kidigo, Handeni Kizigua. Mtoto kama huyo akisoma sentensi ya Kiswahili na silabi zote akazipatia, maana inaweza isiwepo kabisa. Mwache aelezee hadithi kwa lugha ya mama yake kwanza, aielewe, acheke, halafu mnarudi kwenye Kiswahili mnatafuta maneno pamoja. Zile habari za kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu ameongea cha kwao ni ushamba, nasema wazi.

Kuandika nitapita haraka maana ugonjwa wake ni huohuo. Watoto wetu wananakili. Daftari limejaa, mwandiko mzuri, tiki nyekundu kila ukurasa, na hakuna sentensi hata moja iliyotoka kichwani mwa mwenye daftari. Na juu kule mtihani wa darasa la saba tangu 2012 majibu mengi ni ya kusiliba, kwa hiyo shinikizo la kutunga halipo, mtoto anaweza kufika sekondari hajawahi kuandika barua. Cha kuchekesha ni kwamba mji huu huu una historia ya kuandika. Shule ya serikali ya Wajerumani hapa Tanga kuanzia 1904 ilikuwa inatoa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, walimu na makarani wanatuma habari zao, na kabla ya hapo kule Magila, Muheza, wamisionari walishakuwa na Habari za Mwezi miaka ya 1890. Shaaban Robert wa Machui tunamtaja kila tukitaka kujisifu. Sifa hizo hazimfundishi mtoto wa leo kuandika chochote. Mpe kipande cha karatasi aandike vitu vya dukani, unga, mafuta ya robo, chumvi, aende nacho mwenyewe muuza duka akisome, muuza duka akishindwa kukisoma mtoto atajua mwenyewe kwa nini mwandiko na herufi vina maana. Mwache amwandikie meseji shangazi yake wa Pangani kwa simu yako, akikosea shangazi atauliza "unasemaje?" na hapo ndo anajifunza kuandika kwa ajili ya mtu.

Sasa kwa nini napiga kelele leo. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba, na Kiingereza kimerudi kuanzia darasa la kwanza. Sipingi, hoja zake zipo. Ila maana yake ya chini chini ni kwamba ule mwaka mmoja wa ziada ambao mtoto mzito alikuwa anautumia kujikongoja haupo tena, na wakati huohuo la kwanza ameongezewa lugha ambayo herufi zake hazina adabu kama zetu, i inaitwa ai, e inaitwa ii. Mtoto ambaye hajaishika i ya Kiswahili vizuri unadhani kitamtokea nini? Kwa wale wenzangu wa shule za mchepuo wa Kiingereza msicheke, kwenu nimeona mtoto anamwaga shairi la Kiingereza siku ya mahafali wageni wanapiga makofi, kesho yake umwambie akusomee gazeti la Kiswahili anatokwa jasho. Kwaya ni kwaya tu, hata ikiwa na tai.

Wengi mtaniambia mimi sijasoma, nitamsikilizaje mtoto? Unaweza, tena vizuri. Mwambie aweke kidole chini ya kila neno, kidole kisimkimbie mdomo wala mdomo usikikimbie kidole, ukiona kidole kiko mwanzo wa mstari na yeye ameshamaliza kusema, anakariri. Rudi nyuma mwoneshe neno mojawapo umuulize hili umesemaje, baada ya muda muulize tena hilohilo, akijibu tofauti unajua. Halafu akuhadithie. Hakuna cheti kinachohitajika hapo. Na kama una mtoto wa la sita ndani, mpe mdogo wake dakika kumi kila baada ya magharibi, naye huyo mkubwa anaimarika, shuleni pia hili linawezekana, la sita kumi na tano wanaingia la pili mara tatu kwa wiki kila mmoja ana watoto wake sita, mwalimu anazunguka. Shule haitoi hata shilingi.

Kuhusu vitabu, msinitajie bei. Hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili zipo bure mtandaoni, African Storybook wanazo nyingi na unazipakua kwenye simu, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu ina vitabu vya kiada, na maktaba ya mkoa ipo pale mjini, wengi tunaipita tukienda sokoni. Kinachonikera ni vitabu vya shule kufungiwa kabatini visichanike. Nilishaona kabati la namna hiyo kwenye shule moja, siitaji, vitabu vipya kabisa bado vinanukia wino, na nje watoto wanane wanachungulia kimoja.

Kwa hiyo kikao cha wazazi kijacho, tukishamaliza ule ugomvi wetu wa michango ya uji, mtu mmoja anyooshe mkono aulize mambo mawili tu. Mtoto wangu anasoma peke yake mbele ya mtu mara ngapi kwa wiki? Na kile kitabu cha kabatini anaweza kuja nacho nyumbani Ijumaa akakirudisha Jumatatu? Mwalimu mkuu akisema vitachanika, wekeni daftari la kuazimisha, mzazi asaini, kitakachopotea mzazi anakilipa. Mimi kwa shule ya mtaani kwetu nimeshaomba niwe wa kwanza kusaini.